Mzee wa Mitole alivyogoma kumvulia suruali daktari wa kwenye video, tukiwa mahabusu

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jamaa humu amefungua uzi kusifia matibabu ya video call magerezani, nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza kuna nini. Mimi nimekaa humo. Hiki nimekiona kwa macho yangu na sina sababu ya kukitia chumvi.

Kifupi, nilikuwa mahabusu kwenye gereza moja huku ukanda wetu wa Lindi, kesi ya mkaa. Nilishaachiwa, hivyo wale wapelelezi wa jukwaa mtulie.

Sasa muelewe kitu kimoja. Zamani ukiugua unapandishwa karandinga, unapelekwa hospitali. Ile haikuwa safari ya matibabu, ilikuwa sikukuu. Unaona barabara, unaona akina mama na khanga zao, unasikia harufu ya samaki wa kukaanga.

Watu walikuwa wanaumwa kwa zamu.

Mara ikaja teknolojia. Stoo ikapigwa rangi, ikawekwa kompyuta na kamera. Wageni waliochomekea mashati wakapiga picha, wakatuambia tuna bahati, tutamwona daktari bila kutoka nje ya geti.

Bila kutoka! Na walitamka kama habari njema.

Kuanzia hapo magonjwa yakapungua ghafla. Nadhani kuna mtu aliandika ripoti nzuri sana.

Aliyebaki mgonjwa wa kweli ni Mzee Mbonde, mkulima wa ufuta kutoka Mitole, aliyeingia kwa kesi ya kugombana na mfugaji. Tulikuwa tunalala jirani, nikawa kama mwanawe. Alikuwa na uvimbe sehemu za siri, mwenyewe akiuita busha, na alishaishi nao miaka mingi.

Wiki moja ukaanza kumuuma vibaya. Chakula hali, anatapika.

Nikamwambia, "Baba, twende kwenye video."

"Nikaivulie nguo televisheni?"

"Utakufa, baba."

"Nitakufa nimevaa."

Hadi aliposhindwa kusimama ndipo akakubali nimshike mkono twende, nadhani kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana.

Chumbani tulikuwa mimi, muuguzi wa gereza, na afande wa ulinzi. Mzee hawezi hata kutembea, lakini usalama kwanza, asije akatoroka kupitia waya wa intaneti. Pazia lilikuwa blanketi.

Daktari akatokea kwenye kioo. Binti mdogo tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

Hapo nikapata matumaini. Akamuuliza maswali yake vizuri, kisha akasema, "Babu, naomba uvue suruali niuone huo uvimbe."

Mzee akaishika suruali kiunoni.

Afande akadakia, "Mzee vua basi, bando linaisha!"

Mzee akamwangalia yule binti pale kwenye kioo. "Mwanangu, wewe unaniona mimi na chumba chote hiki. Mimi nauona uso wako tu. Huko ulipo mko wangapi?"

Daktari akakodoa macho. Nikadhani picha imeganda, maana kuganda ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa. Kumbe anafikiri. Akaigeuza kamera.

Wakuu, nyuma yake kulikuwa na vijana wawili wa kiume wamekaa, na baba mmoja anakula chapati.

Chapati! Yaani mzee wa watu avue, mtu anatafuna.

"Nisamehe babu," daktari akasema. "Hawa vijana ni wanafunzi wangu." Baba wa chapati hakuna aliyetueleza ni nani mpaka leo. Daktari akawatoa wote, akafunga mlango, akazungusha kamera kona zote. "Nimebaki peke yangu. Na huko kwako atoke nani?"

Mzee akamnyooshea kidole afande.

Afande akasema utaratibu hauruhusu. Daktari akamwambia basi atazame ukuta. Na akatazama! Raha niliyoipata kumwona afande ameelekezwa ukutani kama sisi, siwezi kuwaeleza.

Mzee akavua.

Muuguzi akabonyeza pale alipoelekezwa, mzee akapiga kelele. Uso wa daktari ukabadilika. "Babu, hili siyo busha. Hii ni ngiri, na utumbo umenasa. Muuguzi, aletwe huku hospitali sasa hivi."

Karandinga, ambalo siku zote halina mafuta, likapatikana. Akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Muuguzi alipotuletea habari kwamba amepona, na kwamba angechelewa kidogo tu tungemzika, nilikaa chini nikalia. Sioni aibu kusema.

Baada ya hapo foleni ya video ikarefuka. Kila anayeingia anaanza na, "Dokta, zungusha kwanza tuone."

Mwezi uliopita mimi, raia huru, nilikwenda kutibiwa huku uraiani, ana kwa ana na daktari. Salamu hakuna. Mlango wazi. Nimeshavua, akaingia mtu kuazima chaja, akanitazama, akatoka nayo taratibu.

Sikuuliza kitu. Nikavaa nikaenda nyumbani.

Funzo langu ni kwamba shida haikuwa video, na wafungwa hawakuwa washamba. Mtu anataka kujua anamvulia nani. Mzee Mbonde alilidai hilo akiwa chini ya ulinzi, mimi niko huru nikaogopa.

Haya, mlioko huru, nani kati yenu ameshawahi kuuliza? Mwageni ushuhuda. Wale mnaotaka kujua uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, mzee aliwafungia mlango na nyie.