Maji Yaliyopita Chini ya Nduma

Mama mkwe wangu hajawahi kuielewa vizuri kazi yangu. Nikimwambia napima unyevu wa udongo, ananyoosha kidole kama anayekichomeka shambani na kuniuliza kama hicho hakitoshi. Namjibu kwamba kidole kinatosha kwa shamba moja na kwa siku moja. Mimi nataka kujua mashamba mengi kwa pamoja, na maji yanakwenda wapi yakishapotea machoni. Anaitikia, "Haya, sawa," kwa sauti ya mtu aliyeamua kutobishana.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Silanga, upande ule wa Kibera unaoteremka hadi bwawani. Kulikuwa na kikundi cha wakulima wenye vishamba vya mboga vilivyobanana kama vitanda vya bweni. Walikuwa na tangi moja lililojazwa siku ambazo mtaa ulipata zamu yake ya maji ya jiji, na bomba refu lililofukiwa ardhini kuyapeleka chini mashambani. Nia yangu ilikuwa kuwasaidia wajue ni shamba lipi lina kiu kweli na lipi linaweza kusubiri, ili maji ya tangi yafike mwisho wa wiki.

Katika kila shamba nilizika vipimo viwili: kimoja karibu na uso wa ardhi, urefu wa kiganja tu, na kingine chini zaidi, kama kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Vilituma habari zake kwenye simu yangu. Visanduku vya betri alivitengeneza mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma Kawangware. Nilimwomba avifanye imara. Yeye akavifanya viwe na sura mbaya pia, makusudi, akavipaka rangi inayofanana na kutu.

"Kitu kizuri hakilali nje Nairobi hii," aliniambia.

Hakuna hata kimoja kilichoibiwa.

Shamba la mwisho, lililo bondeni kabisa, lilikuwa la mama mmoja kutoka Magharibi. Alikuja mjini kumfuata mumewe, aliyekuwa seremala, na mume alipofariki akabaki na chumba chake cha kupanga Lindi, mtaa wa humo humo Kibera, na shamba lake Silanga. Alikuwa na sauti nene na kicheko cha ghafla. Alilima sukuma, kunde na mrenda, na msimu huo alikuwa amepanda nduma, yaani magimbi, zao ambalo halithubutu kukaa pakavu. Watu walimshangaa. Kiangazi kilikuwa kimeshika, udongo wa wengine umepasuka, naye nduma zake zimetandaza majani mapana kama masikio ya ndovu.

"Hapa kwangu Mungu amenifungulia chemchemi," aliniambia siku moja akinionyesha ardhi iliyokuwa ikitota chini ya gumboots zake. "Mwaka jana haikuwa. Nimeamka tu nikaipata."

Nilifurahi pamoja naye. Lakini wiki hizo hizo, maji ya tangi yalianza kuisha mapema. Wa juu walimwagilia, wa katikati wakapata kidogo, na manung'uniko yakaanza. Haikuchukua muda macho yote yakageukia shamba la kijani.

Mwenyekiti wa kikundi, mzee aliyekuwa pia na kibanda cha makaa kando ya njia, alinivuta kando.

"Madam, wewe ni mtu wa vipimo. Huyu mama anafungua maji wakati watu wamelala. Wewe tupe ushahidi tu, tumtoe kwa kikundi."

"Na kama sivyo?"

"Sasa shamba yake inakunywa nini? Soda?"

Nilirudi nyumbani Kawangware, nikaketi mezani na kufungua habari za shamba lile. Jambo la kwanza nililiona mara moja: kipimo cha juu kilikuwa kikavu, cha chini kimelowa. Mtu akimwaga maji shambani, yanaanza juu ndipo yashuke. Haya yalikuwa yanatoka chini na kupanda. Mama hakuwa amemwagilia kitu. Nilishusha pumzi.

Halafu nikaliona la pili, ambalo sikulipenda. Unyevu wa chini haukuwa tulivu kama wa chemchemi. Ulipanda kila zamu ya maji, tangi lilipojaa, na kushuka taratibu tangi lilipopungua. Chemchemi haijui ratiba ya maji ya Nairobi. Bomba lilikuwa limepasuka mahali fulani juu kidogo ya nduma, na maji ya kikundi yalikuwa yakimfikia mama peke yake bila yeye kujua.

Mume wangu alinikuta nimeshika tama.

"Si umepata jibu?"

"Nimepata. Linamsafisha jina, halafu linamnyang'anya baraka yake."

Alifikiri kidogo. "Basi mwambie yeye kwanza," akasema, akaenda kuosha mikono.

Asubuhi nilimkuta mama anapalilia. Nilimweleza pole pole, nikitumia vidole vyangu kumwonyesha kipimo cha juu na cha chini. Alisikiliza ameegemea jembe. Nilipofika kwenye bomba, aligeuka akazitazama nduma zake. Nilijiandaa kwa machozi au hasira.

"Kwa hivyo hawa wananiita mwizi," alisema hatimaye, "na maji yao ndiyo yananitafuta mimi?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Kicheko kile kikamtoka, kikubwa hata jirani akainua kichwa. "Basi Mungu alipitisha kwa paipu! Twende uwaambie. Lakini wachimbe wao. Mimi sitachimba."

Kikundi kilikusanyika pale kwenye mpaka wa shamba lake. Niliongea kwa ufupi, kwa sababu nilijua maneno yangu hayatawashibisha kama macho yao wenyewe. Mwenyekiti alikunja suruali, akatwaa sururu. Walichimba wanaume kwa zamu, kwanza vumbi, kisha udongo mweusi uliong'ang'ania kwenye jembe, kisha tope. Maji yakaanza kujikusanya shimoni. Mwenyekiti akainama kuyachota kwa kiganja ayaonje. Nikamshika mkono haraka. Udongo wa Silanga una majirani wengi, na baadhi yao ni vyoo.

Alipopapasa zaidi, mkono wake ukakutana na kiungo cha bomba. Kilikuwa kimefunguka upande mmoja, na maji yakimwagika kwenda moja kwa moja bondeni.

Mzee alisimama, matope hadi viwikoni, akamtazama mama.

"Mama," alisema, "hii joint niliifunga mimi mwenyewe."

"Nilikuwa nataka kukuuliza," mama akajibu, "lakini nilikuwa naogopa utanitoa kwa kikundi."

Hapo watu wakacheka, mzee akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kuacha. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alijifuta mikono, akavua kofia, akamwomba radhi mbele ya wote kwa kutaja neno lenyewe, mwizi, bila kulizungushia maua. Mama alimwacha asimame kidogo na kofia mkononi. Halafu akasema amesamehe, ila nduma zake zisife kwa ajili ya ufundi wa mtu.

Kikundi kikakubali. Bomba lilifungwa upya, safari hii na kijana fundi wa mabomba kutoka Riruta, na nduma zikapewa fungu lao la maji mpaka zivunwe. Tangi likaanza kufika mwisho wa wiki. Nilichofurahia zaidi ni kwamba watu walianza kuniuliza maswali. Walitaka kujua udongo wa nani unashika maji na wa nani unayapoteza, na kwa nini samadi husaidia. Mzee wa makaa ndiye aliyeuliza mengi kuliko wote. Kila nilipopita kibandani kwake aliniita: "Sasa madam, wangu unasemaje leo?"

Kiangazi kilikatika jioni ya Jumapili moja. Nilikuwa nyumbani nakata vitunguu, simu ikiwa juu ya meza. Kwenye kioo chake mstari wa kipimo kimoja ukaruka, kisha wa jirani yake. Vipimo vya juu vya Silanga vilikuwa vinaamka kimoja baada ya kingine kuanzia upande wa tangi kuteremka hadi bondeni, na vya chini bado vimelala vikisubiri zamu yao. Niliacha kisu nikatazama tu.

"Mbona unachekea simu?" mume wangu aliuliza.

"Mvua imefika Silanga."

Alitega sikio. Juu ya mabati yetu tone la kwanza likagonga, kisha mengi kwa pamoja.

"Na hapa pia," alisema, "na nguo bado ziko kwa kamba!"

Tulitoka mbio sote wawili, mimi na mikono yenye harufu ya vitunguu, tukagombania shuka kwenye kamba huku tukilowa chapachapa.