Bip Tano za Mama

Juzi nilikuwa nachambua maharage uani kwangu, hapa Karatu mjini, simu ya jirani ikalia mara moja kwa ule mlio wa simu ndogo za zamani, halafu ikakatika. Nilibaki na punje mkononi. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto, lakini mlio ule ukikatwa vile, vidole vyangu huanza kuhesabu vyenyewe.

Kule Mbulumbulu nilikokulia, nyumbani tulikuwa na simu moja. Ilikaa ndani ya kikapu kilichoning'inia kwenye nguzo ya zizi, kwa sababu mtandao ulifika hapo tu. Baba, aliyekuwa mpishi wa kambi za watalii huko juu Ngorongoro, alituletea simu pamoja na neno lake. Alisema bip ni neno la Wazungu, wameiga mlio tu, na kambini walilitumia kwa kila kitu: saa ya mkononi, gari linalorudi nyuma, hata kile kipimo cha homa. Sisi tukaligeuza kazi. Unampigia mtu, ikilia mara moja unakata. Mwalimu wa kwaya akikubipu, ujue mazoezi yameanza. Mwenye trekta ukimbipu, unataka yeye ndiye apige. Binti wa jirani alibipiwa kila jioni na mtu ambaye hakumtaja, na sisi tulijifanya hatusikii.

Bibi, mama yake Baba, hakuipenda tabia hiyo hata kidogo. "Mtu gani huyo anapiga hodi moja halafu anakimbia?" alikuwa akiuliza.

Nilipokuwa na miaka tisa, Mama alishuka Karatu kusubiri kujifungua karibu na hospitali, akiwa na simu ya kuazima. Baba alikuwa kambini, kusikokuwa na mtandao. Bibi alibaki na ng'ombe, na mimi. Salio la kuongea hatukuwa nalo, la kubipu lilikuwepo, kwa hiyo tukapatana. Bip moja, nimefika. Mbili, mtoto amezaliwa na sote wazima. Tatu, kuna shida, njooni. Kuhesabu nikapewa mimi, kwa sharti moja: nisibonyeze kitu. Nilishawahi kubonyeza hovyo, simu ikaongea Kifaransa wiki nzima.

Ile ya kufika tuliipata siku hiyo hiyo. Siku ya nne, alasiri, simu ikalia kikapuni na kukatika. Nikaitoa, nikasubiri. Ikaja ya pili, nikaanza kuruka. Ikaja ya tatu, nikamwita Bibi. Bibi alikuwa ameshatupa ndoo ya maziwa chini ilipokuja ya nne, na baada ya kitambo, ya tano. Kisha kimya.

Tano hatukupatana.

Bibi akamwita Mama Fabiola, jirani yetu, ambaye alikuwa na maoni kuhusu kila jambo. Yeye alisema ni tatu na mbili: palikuwa na shida, sasa wamepona. Bibi akasema huenda ni mbili na tatu: mtoto alizaliwa, shida ikafuata. Walibishana huku wakihesabu kwa vidole, mimi nikiwa katikati, nalia kidogo, nanyamaza, naanza tena kwa sababu sikujua ni kipi kinachofaa. Simu ilikuwa ya moto kiganjani mwangu. Kidole gumba kilikuwa juu kabisa ya kitufe cha kijani, na nakumbuka nilikiondoa nikakifuta kwenye sketi, nisije nikavunja sharti.

Mwishowe Bibi alivaa sweta, akafunga unga na kitenge, akaondoka na trekta la mume wa Mama Fabiola. Sijawahi kuogopa vile. Nililala kwa Mama Fabiola nikiwa nimekumbatia kikapu. Asubuhi nilipokirudisha kwenye nguzo ya zizi, zikalia mbili tu, safi kabisa, na Mama Fabiola akasema si aliniambia.

Mama alirudi amekonda, amechoka, akiwa na mdogo wangu Paskali. Nilimkimbilia. Akanishika kichwa, akauliza kwa upole, "Mbona hamkunibipu?"

"Tulikuwa tunahesabu," nikamjibu. Nilijivunia. Nikamwambia zilikuwa tano, na kwamba sikubonyeza kitu.

Alinitazama, akacheka kidogo, akageuka kumfunika mtoto. Mimi nilidhani amefurahi.

Miaka mingi baadaye nililala kwenye wodi ya wazazi mjini hapa. Mtoto wangu alikuwa amelala vibaya tumboni, daktari alikuwa anasubiriwa, na mume wangu alikuwa ndani ya Kreta ya Ngorongoro na wageni, simu haipatikani. Niliipiga na kuikata, nikaipiga na kuikata. Sikuwa na habari yoyote ya kumpa. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, akasema hata Paskali alilala hivyo hivyo.

Nikaelewa hapo, nikiwa na umri ule. Alikuwa peke yake, anaogopa, akapiga hodi mara tano nyumbani kwake. Nami nilisimama mlangoni nikizihesabu, wala sikumwambia karibu.