Majani ya Dhahabu Chini ya Turubai

Mwenye kuwajibika kwa aibu hii ni mimi, mkurugenzi mstaafu wa shule. Nilipanda majani ya mapambo, ya rangi ya dhahabu, kivulini kando ya ua. Kwa kuwa muuzaji alisema yanapenda kivuli, nikayaongezea turubai. Yakageuka kijani.

Nikamshtaki jirani, Maman Furaha, kwa mkuu wa avenue, yaani mtaa wetu: ameyaiba awalishe simbilisi wake, wale wanyama wadogo kama panya anaowafuga jikoni, akapandikiza majani ya kawaida. Nikadai simbilisi wote wawe fidia.

Mkuu akafunua turubai. Majani yaliyochungulia nje yalikuwa bado ya dhahabu. Yaliyokosa mwanga ndani, kijani.

“Papa Directeur,” akauliza Maman Furaha, amekumbatia kikapu cha simbilisi, akionyesha turubai, “hii bashe iko ya nani?”

“Yangu.”

“Basi simama, utupe maelezo. Hata hawa simbilisi wanangojea.”