Paka wa Bibi na Bakuli la Kisamvu Kibichi

Nilimlisha paka wa bibi yangu kisamvu kibichi kwa sababu nilitaka watu wacheke. Ningependa kusema ulikuwa utafiti, lakini hata mimi mwenyewe sijiamini nikisema hivyo.

Ilianzia skuli. Mwalimu wa baiolojia alitwambia paka ni mla nyama, tumbo lake halikuumbwa kwa ajili ya majani. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, wa kwetu anakula mchicha." Darasa zima likacheka. Mwalimu akanambia nilete ushahidi.

Na kweli alikuwa anakula. Bibi akichambua mchicha uwani, paka hukaa kando yake, akatafuna jani moja au mawili, kisha huenda zake kama mtu aliyekuja kusaini mahudhurio tu. Hajawahi kudhurika. Kwa hivyo kwangu mimi jambo lilikuwa jepesi: jani ni jani.

Paka mwenyewe ni wa rangi ya chungwa, sikio moja limekatika, na ana kiburi cha sheha wa mtaa. Babu alimuokota sokoni Darajani, mwezi mmoja kabla hajafariki. Tangu hapo bibi huzungumza naye kuliko anavyozungumza na sisi. Sisi hutuuliza kama tumekula. Yeye humuuliza kama kalala vizuri.

Jumamosi hiyo bibi alitwanga kisamvu pamoja na vitunguu thomu, kama anavyotwanga siku zote, akakiacha kwenye bakuli jikoni akaenda kusali adhuhuri. Kwetu kisamvu huchemshwa mpaka mtungi wa gesi ulalamike. Kibichi hakiliwi. Hilo nalijua tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nikachota vijiko viwili, nikachanganya na mchuzi wa samaki changu wa jana ili kimshawishi, nikawasha kamera ya simu. "Mabibi na mabwana, paka wa kwanza Unguja kuacha samaki!" Akalamba mpaka sahani ikang'aa. Nikairusha video kwenye kundi la darasa, na vicheko vikaanza kumiminika.

Havijamalizika kumiminika, paka akatapika kwenye mswala wa bibi. Kijani. Akatapika tena, mate yakamdondoka, akajiburuta mpaka uvunguni mwa kitanda akawa anahema haraka haraka. Simu mfukoni ilikuwa bado inalia, watu wanacheka. Nikaizima.

Bibi, aliyekuwa kashamaliza kusali, alikuja akapiga magoti, na magoti yenyewe mabovu, akachungulia uvunguni. "Baba, umekula nini wewe?"

Alikuwa anamuuliza paka.

"Labda kala mjusi, bibi," nikasema.

"Mjusi gani wa kijani kiasi hiki?" Akageuka akanitazama. "Na wewe mbona leo unasema kidogo?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha na video yenyewe, maana niliona kama nitaongopa na paka akafa, itabidi niihame nyumba. Aliitazama mpaka mwisho. Sikuwahi kufanya kichekesho kikamkuta mtu hajacheka namna ile.

"Umechota kile kile nilichokitwanga na thomu?"

"Kile kile, bibi."

"Tafuta pakacha. Haraka."

Tulimtia paka ndani ya pakacha, tukamfunika kanga, tukachukua teksi mpaka Bububu kwa daktari wa mifugo, mwanamke ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa. Njia nzima bibi alikuwa kaingiza mkono ndani ya pakacha, midomo inacheza kwa dua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu kanlishia paka sumu."

"Nani, huyu?"

"Huyu huyu. Anataka kuwa daktari."

Mimi sijawahi kusema nataka kuwa daktari. Lakini haikuwa siku ya kubisha.

Daktari aliniuliza nimempa kiasi gani na saa ngapi, kisha akampiga sindano na kumtundikia maji, huku akinisomesha bila ya kuniangalia. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Ndio maana watu wakayatwanga na kuyachemsha muda mrefu. Mchicha mtupu, kidogo, paka mzima haumdhuru, ila mwenye maradhi ya figo asipewe. Kitunguu, kiwe maji au thomu, kibichi au kilichopikwa, asipewe kabisa.

"Kinaharibu damu," akasema. "Na ubaya wake hauonekani leo."

Mpaka alasiri pumzi zilikuwa zimetulia. Daktari akamfunua paka mdomo, akatuonyesha ufizi. "Kisamvu kashakishinda, alitapika kingi. Thomu ndiyo tuisubiri. Kila asubuhi muangalieni hapa. Ukiwa mweupe, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, mleteni mbio. Siku saba."

Bibi alinikabidhi mimi kazi hiyo. Kila asubuhi nilikuwa nampakata paka, namfunua mdomo, naye ananiparura kwa haki yake. Bibi hakai nasi. Anakwenda kusimama ukumbini, anauliza kutoka huko: "Rangi gani?"

"Waridi, bibi."

"Alhamdulillahi."

Siku ya nne niliuona ufizi mweupe. Nikapiga picha, nikamtumia daktari, naye akanipigia. "Uko chumbani? Fungua dirisha kwanza." Nyumba zetu za Mji Mkongwe vyumba vyake vina giza mpaka saa nne. Nikafungua, jua likaingia. Waridi.

Picha hiyo niliituma na kwenye kundi la darasa, na maelezo yote, thomu na aibu yangu pamoja. Nilitegemea matusi. Msichana anayekaa nyuma yangu darasani akauliza, "Kwa hiyo hata masazo ya pilau? Kwetu ndiyo chakula cha paka wetu." Nikamjibu: hata hayo, mna vitunguu. Akasema kuanzia leo basi.

Siku ya saba nilisikia bibi anauliza rangi gani, lakini sauti ilikuwa karibu. Alikuwa kaja chumbani, miwani kavaa. Siku zote hizo hakuwahi kuangalia mwenyewe. Alikaa kitandani, akamchukua paka mapajani, akamfunua mdomo kwa kidole gumba. Akatazama muda mrefu. Paka hakumparura hata kidogo, mnafiki yule.

"Waridi," akasema bibi.

Kisha akavua miwani akaifuta kwa pindo la kanga, mara mbili, na akanambia nikanawe mikono nije ninywe chai.