Taa Nilizozisugua Mpaka Zikapoteza Jina

Mimi shaba chafu sijawahi kuivumilia, na sitaanza leo. Kwetu upande wa ziwa mwanamke alijulikana kwa vyombo vyake: sufuria unaisugua kwa majivu na mchanga mpaka unajiona uso. Basi bwana wa kwanza wa shamba la chai tulilofanyia kazi alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya, alimpa mume wangu taa mbili za mbele za motokaa yake kuukuu. Ilikuwa asante, kwa vile mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wake. Unadhani nilizifanya nini? Nilizisugua. Kila Jumamosi, majivu na mchanga, mpaka kanisani wakawa wanaziazima kwa sala za jioni.

Bwana mpya alikuja na motokaa yake, nayo ya kizamani, aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa Fort Ternan. Ilifika haina taa. Asubuhi moja akapita kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, akaona zangu zinang'aa mlangoni. Akasema ni zake, zimeibwa njiani. Asubuhi ile ile mume wangu akafungiwa stoo ya kiwanda, angoje lori la kumpeleka jela Kericho.

Mnyapara akaja kuzichukua.

"Mama, toa tu hizo vitu," akaniambia. "Ukilia kidogo mbele ya bwana, labda atamsamehe."

"Amsamehe nini? Wewe shika njia, nazileta mwenyewe."

Nikajifunga kibwebwe. Taa moja kila mkono, na kwenye fundo la leso nikatia yale mawe ya kijivu ya kuziwashia tuliyonunua dukani kwa Mhindi.

Bwana alikuwa barazani anakunywa chai. Akazigeuza taa huku na huku, akitafuta jina la kiwanda lililochongwa kwenye shaba. Hapakuwa na kitu. Nikakumbuka kwamba jina lilikuwapo zamani. Mchanga wangu ndio uliolimaliza.

"Wewe nafuta jina," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Sababu nataka iba."

Ala! Hasira ikanipanda mpaka kisogoni. Mwizi gani huyo anayesugua mali ya watu kila Jumamosi, halafu anaitundika mlangoni ionekane?

"Bwana," nikamwambia, "kama ni za motokaa yako, ziwashe."

Motokaa ilisimama pale pale mbele ya baraza. Mahali pa taa palibaki nyaya zinaning'inia, zimetoka kwenye betri. Akainama, akatafuta pa kuziunganisha. Wapi! Taa zangu hazikuwa na mahali pa waya wala pa balbu. Zilikuwa na kibomba cha gesi katikati, dohani ndogo juu ya kutolea moshi, na kikopo cha mawe chini. Zake zilikuwa za umeme. Zangu zilikula mawe na maji, vikikutana vinatoa gesi ya kuwaka.

Nikatia mawe kwenye kikopo cha taa moja, nikachota maji kwenye pipa la mvua, nikamwomba mnyapara kiberiti. Akamtazama bwana kwanza.

"Lete!" nikamkemea. Akaleta.

Harufu kama ya kitunguu saumu ikatoka, nikasogeza njiti, pwu! Mwanga mweupe ukampiga bwana usoni, akajikinga kwa mkono.

"Na tope jeupe linalobaki kikoponi ndilo nililopakia ukuta wa nyumba yangu," nikasema. "Nenda kautazame, miaka yote iko pale."

Hakusema pole, wala sikuingoja. Alimwambia mnyapara, "Fungulia yeye." Kisha akanigeukia: "Zima hiyo."

Nikabeba taa zangu, nikashuka ngazi. Mnyapara akanifuata mbio. "Mama, bwana amesema uzime!"

"Mwambie aje azime mwenyewe."

Mume wangu alipotoka stoo, macho yamemwiva, kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono aizime taa. Alikuwa mtu wa kubana yale mawe yasiishe, hata ndani ya shida. Nikamshika mkono.

"Leo hapana," nikamwambia.

Tukapita katikati ya chai mchana kweupe, jua linawaka na taa inawaka. Wachumaji waliokuwa wamemwona akifungiwa kama mwizi waliinua vichwa, mikono imeganda kwenye vikapu. Sikuharakisha. Nilitaka kila mmoja aone taa ile ni ya nani.