Nguzo ya Sebuleni kwa Haula

Haula wa Palma hapendi kitu kimsimamie njiani. Pale anapokaanga samaki, karibu na kituo cha pikipiki za abiria, mteja akisitasita kuchagua humchagulia yeye, na samaki atakayemtia mkononi ndiye atakayeliwa. Watu wamemzoea, wala hawendi kwa mwingine.

Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na kitu kilichomsimamia miaka yote asikiweze. Ni nguzo ya mkoko, katikati ya sebule. Marehemu mumewe aliichimbia pale ibebe mwamba, ule mti mrefu wa juu ambao paa zima huulalia. Imara ilikuwa, hilo Haula hakulikataa. Ila kila ukikaribisha wageni, lazima mtu akae nyuma yake. Katika harusi ya binti mkubwa, Zuleica, nyuma ya nguzo waliangukia shangazi za bwana harusi. Walitoka hawajamwona bibi harusi ila ncha za vidole, na mpaka leo wakikutana na Haula sokoni humsalimia kwa pembe ya mdomo.

Sasa alikuwa anaolewa Yusra, kitinda mimba, na Haula alikwisha apa kwamba safari hii hakuna wa kukaa nyuma ya mti.

Aliyeipenda nguzo ile ni mmoja tu, mama yake, Bi Mwanawetu, ambaye mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Kila asubuhi bibi hutoka chumbani mkono umetangulia, akaishika nguzo, akavuta pumzi, ndipo akaelekea mlango wa nje kwenda kuota jua. Pale anaposhika palikwisha kuwa peusi, pamelainika kwa mafuta ya kiganja. Haula aliyaona hayo kila siku, na kwa kuyaona kila siku alikuwa hayaoni tena. Akili yake yote ilikuwa kwa shangazi.

Hoja alikuwa nayo. Zamani nyumba iliezekwa makuti, nayo makuti ni mazito, hasa yakinywa mvua. Waliporudi Palma baada ya miaka ya kukimbia vita, paa walilikuta limebomoka, wakaezeka bati. Bati ni jepesi. Basi nguzo iliyochimbiwa kubeba makuti, na makuti hayapo tena, inabeba nini? Alimpigia simu mestre Selemane, fundi aliyekuwa na kazi kijiji cha Olumbi, akamweleza. Selemane akamwomba asiiguse hadi aje aitazame mwenyewe siku ya Jumamosi. Haula akaitikia kwa adabu zote, kisha akaenda kwa jirani kuazima msumeno.

Mwanzo msumeno ulikwenda kwa raha. Ulipovuka nusu ya mti ukabanwa. Haula akauvuta, ukagoma, akausukuma, ukagoma. Juu bati likalia, vumbi la udongo likamshukia kwenye mtandio. Halafu akasikia mama yake anagonga kutoka ndani ya chumba. Mwamba ulikuwa umeshuka kidogo, ukuta ukaelemewa, na kizingiti cha juu kikaukalia mlango wa bibi usifunguke.

Haula aliogopa. Alikuwa hajaogopa hivyo tangu warudi. Akampigia Selemane tena, akauliza auchomoeje msumeno.

"Dada Haula, usiuchomoe," Selemane akasema. "Wala usiutikise. Yusra atoke nje, na wewe kaa mbali na nguzo. Naja."

Yusra akatoka. Haula hakukaa mbali. Alikwenda kusimama mlangoni kwa mama yake, akamwambia kupitia nyufa za mbao kwamba fundi yuko njiani, akaomba radhi. Bi Mwanawetu akamjibu kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kisha akamwambia atulie, yeye kitanda anacho na tasbihi anayo.

Selemane alifika na magogo mawili. Akayasimamisha huku na huku ya nguzo, juu ya mbao nene yasizame sakafuni, akapachika kabari chini yake na kuzigonga kidogo huku, kidogo kule, bila pupa. Paa likainuka taratibu. Mlango wa bibi ukafunguka wenyewe.

Ndipo akamweleza Haula kosa lake. Uwe umeezeka makuti au bati, mwamba mrefu vile haujibebi. Tena bati kwa wepesi wake ndilo upepo unalolitamani. Nguzo ile ilikuwa inalibeba paa na papo hapo inalizuia lisiruke. Njia zilikuwa mbili. Ama aiunge nguzo ibaki palepale, ama apitishe boriti nene chini ya mwamba, ukuta kwa ukuta. Lakini boriti hiyo isizilalie kuta zenyewe, ambazo ni za udongo, maana zingepasuka. Ibebwe na nguzo mbili mpya kandokando, zenye msingi wa mawe na saruji, na kila kiungo kifungwe kwa chuma.

"Maji nimeshayavulia nguo," Haula akasema. "Weka boriti."

Kazi ilikwenda vizuri. Nguzo ikatolewa, shimo lake likazibwa kwa saruji, na sebule ikawa uwanja. Haula akawa anaingia na kutoka kwa furaha tu, bila haja yoyote. Jambo moja dogo lilimtatiza: mama yake hakutoka tena kwenda juani. Akiulizwa, anasema miguu. Chakula akawa anakula chumbani.

Siku ya harusi wanawake walijaa mpaka kwenye kuta, na kila mmoja alimwona Yusra kutoka utosini hadi hina ya miguuni. Ukafika wakati wa bibi kumwombea dua mjukuu wake. Bi Mwanawetu akatokeza mlangoni, mkono umetangulia. Akapiga hatua, akapapasa hewa. Akasimama, hajui mbele wala nyuma, na mkono ule ukabaki juu.

Hapo Haula akatambua. Kumbe haikuwa miguu. Akaweka chini sinia la halua, akapita katikati ya wageni, akasimama juu ya kile kiraka cha saruji, wima, kimya. Mkono wa mama yake ukamfikia begani. Ukashika, ukaminya kidogo, ukashuka hadi mkononi, ukapanda tena.

"Nguzo hii mmeinenepesha," Bi Mwanawetu akasema.

Wanawake wakacheka, na Haula akacheka machozi yakimtoka. Nyuma yake shangazi za bwana harusi wa safari hii walikuwa wanapinda shingo wamwone bibi harusi. Haula hakusogea.