Draiva ya Ubani

Ting.

Nilikuwa bado kwenye kijia cha kati ya miti ya miiba, jua la alasiri likinichoma usoni, nikaisikia kabla sijaona mtu: ting, kama kijiko kilichoangukia sinia ya bati. Nikajua hiyo si yetu. Draiva zetu, fimbo za kupigia pigo la kwanza, zilikuwa na vichwa vya mbao, na mbao ikikutana na mpira husema to, basi, ikanyamaza. Hii iliendelea kulia hewani hata baada ya mpira kwenda zake.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa mwalimu mgeni Isiolo. Kiwanja chetu cha gofu, nje kidogo ya mji, hakikuwa na nyasi za kujivunia. Mvua ikinyesha tulizipata kwa majuma machache, kisha mbuzi wakazimaliza. Kuzunguka shimo, ambapo wenzetu wa Nairobi walikuwa na zulia la kijani, sisi tulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiubebe. Ukimaliza kucheza unaburuta gunia, unafuta nyayo zako, anayekuja nyuma akute mchanga laini. Hata leo nikinusa oili chafu mbele ya gereji, nasimama kidogo.

Aliyepiga alikuwa rafiki yangu, karani wa ofisi ya maji. Kando yake alisimama mwenye bucha, mzee wa Kiborana mwenye mabega mapana, akitikisika kwa kicheko.

"Salaam aleikum, mwalimu. Kuja uone. Karani ameleta sufuria uwanjani."

"Cheka tu, mzee. Hii ni draiva ya kisasa. Kichwa kikubwa hivi, utakosa mpira aje?"

"Mimi hiyo kichwa naweza kuchemshia supu."

Karani alikuwa ameinunua mitumbani Nairobi kwa bei ambayo hata mshahara wake uliimudu. Kichwa kilikuwa cha chuma, kimevimba, mara mbili ya chetu cha mbao. Tuliijaribu sote jioni ile, na ni kweli ilisamehe mengi. Niligonga mpira kwa pembeni kabisa, kosa ambalo siku nyingine lingeutupa miibani, nao ukaenda mbele bila kinyongo. Nilicheka peke yangu kama mtoto.

Mzee hakuijaribu. Alikuwa akitazama laga.

Laga ni mto mkavu, na shimo la mwisho la kiwanja chetu lilikuwa ng'ambo yake. Desturi ilikuwa kwamba mchezaji asiyeweza tena kuuvusha mpira juu ya ule mchanga anasogezwa mbele, kwenye jiwe jeupe lililo ukingoni kabisa. Tuliliita jiwe la mgonjwa. Wageni walianzia hapo, na watoto. Bega la mzee lilikuwa limevunjwa na fahali zamani, na kwa msimu mzima mipira yake ilikuwa inaangukia mchangani. Hakuna aliyethubutu kumtajia jiwe. Ila yeye mwenyewe aliniambia siku moja tukipanda kutoka lagani, akihema: "Mwalimu, siku nitasimama kwa ile jiwe, mtu asinisalimie."

Draiva ya karani ilikuwa na ila moja. Kitu kidogo kilikuwa kimelegea ndani ya kichwa, kikawa kinacheza kama mbegu ndani ya kibuyu. Karani akapata dawa. Alipasha shingo ya fimbo juu ya jiko, akachomoa mpini, akamimina ndani ubani ulioyeyushwa, ule ule ambao wanawake wa kutoka Biliqo waliuza sokoni kwa vipande. Kelele ikaisha. Tukamsifu.

Jumamosi iliyofuata, mchana, mipira yote ilikwenda kulia. Ya karani, yangu, ya kila aliyeishika. Na kila tulipopiga, harufu ya ubani ilitufuata kama tuko matangani.

"Hii fimbo imeingiwa," karani alisema, ameishika mbali na mwili.

Mzee aliichukua kwa mara ya kwanza. Akaipapasa kichwa, akaurudisha mkono haraka. Chuma kilikuwa cha moto. "Imeingiwa na jua. Ubani yako imeyeyuka, imelala upande moja, karani. Asubuhi itakuwa sawa."

Ikawa kweli. Draiva ile ilikuwa ya asubuhi tu, kabla jua la Isiolo halijakaza. Lakini asubuhi ndiyo saa ya nyama. Mzee alikuwa na wateja tangu alfajiri, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kufika kiwanjani kabla ya adhuhuri.

Ndiyo maana nilishtuka Jumamosi moja kumkuta ametangulia, kanzu ameikunja kiunoni, kiwanja bado kina ubaridi.

"Na bucha?"

"Leo watu wakule maharagwe. Karani, leta sufuria."

Hatukucheza mashimo mengine. Tulikwenda moja kwa moja lagani. Alisimama nyuma kabisa, mahali pa wazima, akavuta pumzi. Bega halikumruhusu kuinua mikono juu, kwa hiyo aliizungusha fupi, kama mtu anayefukuza nzi mkubwa. Mpira haukupanda sana. Ulikwenda chini chini, ukashuka, tukaona vumbi likiruka ukingoni, upande ule mwingine, halafu ukadunda ukaingia kwenye nyasi kavu.

Karani alipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Mzee alivuka laga taratibu, akaumalizia mpira wake shimoni, akaburuta gunia juu ya nyayo zake kwa uangalifu wa mtu anayetandika kitanda.

Kwenye kibanda cha mabati tulichokiita klabu, tulimiminiana chai. Karani alimsukumia draiva kando ya kiti.

"Mzee, wacha ikae kwako. Mimi nitakuwa naazima."

"Hapana. Mimi nimemaliza."

"Kumaliza nini?"

"Gofu."

"Wacha mzaha! Si umevuka leo?"

"Ndiyo maana. Kama singevuka, ningerudi kila wiki kujaribu, mpaka mnishike mkono mniweke kwa jiwe." Alikunywa chai yake yote. "Leo naenda nikiwa wa upande ile ingine."

Mzee alitushika mkono mmoja mmoja kwa kuaga, mkono wenye nguvu, wenye harufu ya ubani.

"Haya. Watu wanangoja nyama," akasema, akatoka nje kwenye mwanga, akauvuta mlango wa mabati nyuma yake mpaka ukajifunga.